Bei Ipo Kwenye Tovuti, Mbona Wateja Bado Wanapiga Simu Kuuliza?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Nyakato, Mwanza, natengeneza tovuti. Kikundi cha wauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, kilinipa kazi ya kukitengenezea tovuti ili wateja wa mikoani waagize bila kusafiri. Nimejitahidi sana: ina slaidi, ina picha nzuri za ziwa, na bei nimeiweka juu kabisa kwa maandishi mekundu. Cha ajabu, wateja wakishaifungua wanapiga simu kuuliza bei! Na fomu ya oda hakuna anayeimaliza. Viongozi wa kikundi wameanza kusema tovuti haina maana. Je, hawa wateja hawajazoea tovuti, au nibadilishe mwonekano wote?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kupata kazi hiyo. Watu wa Mwaloni hawatoi hela yao ovyo. Wakikupa kazi wamekuamini, na ndiyo maana nataka tuliangalie jambo hili kwa undani.

Wateja wako hawana tatizo. Mtu anayenunua gunia la dagaa kwa fedha yake, akalipakia kwenye basi na kulipokea Tabora bila kupungua kilo, hashindwi na ukurasa mmoja wa tovuti. Na mwonekano wote usiuguse kwanza. Ukiubadilisha sasa utakuwa unabahatisha, kama ulivyobahatisha mara ya kwanza, na kikundi kitalipia kubahatisha mara mbili.

Nimeifungua tovuti yako kwa simu ya bei ya kawaida, siyo kwa kompyuta. Bei ipo kweli, ipo juu, na ni nyekundu. Lakini umeiandika ndani ya picha, na picha hiyo ni ya kwanza kati ya slaidi nne zinazopokezana. Hapo ndipo ilipopotelea. Kitu kikubwa, chenye rangi kali, kinachocheza juu ya ukurasa, macho ya watu yameshazoea kukihesabu kuwa ni tangazo la biashara. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani, Jan Panero Benway na David Lane, waliwapa watu kazi ya kutafuta taarifa kwenye kurasa za tovuti, huku taarifa hizo zikiwa zimewekwa kwenye mabango makubwa yanayovutia macho. Watu waliyapita mabango hayo wakaendelea kutafuta penginepo. Kadiri unavyopaza sauti kwa rangi na mwendo, ndivyo msomaji anavyozidi kukuhesabu kuwa mtu wa matangazo.

Kuna na la pili. Picha yenye maandishi uliyoichora kwa upana wa pikseli 1,200, ikifika kwenye simu yenye upana wa pikseli 360, inasinyaa mpaka chini ya theluthi moja, na maandishi yanasinyaa nayo. Wewe uliyaona makubwa kwenye kompyuta yako. Mteja anaona mstari mwekundu tu.

Nilimwomba jirani yangu, mama anayeuza dagaa rejareja sokoni Igoma, aifungue tovuti hiyo kwa simu yake mwenyewe. Nikamwambia, "Jifanye unataka gunia moja, utafute bei." Nikanyamaza. Hata picha ya juu haijamaliza kufunguka, kidole gumba chake kilishausukuma ukurasa. Slaidi ikapita bila yeye kuitazama. Akafika kwenye yale maneno ya "Karibu katika tovuti yetu, sisi ni kikundi kilichoanzishwa kwa madhumuni ya...", akasoma mstari wa kwanza, akaendelea kushuka. Akasimama kwenye picha ya gunia lililofunguliwa mdomo, dagaa wanaonekana. Akaibonyeza. Kimya. Akaibonyeza tena, safari hii kwa nguvu kidogo. Kimya. Akashuka hadi mwisho wa ukurasa, akakuta namba ya simu, akaniangalia: "Sasa si nipige tu?"

Ile picha ya gunia aliibonyeza mara mbili. Mnunuzi anapoona bidhaa ndipo anapouliza bei, iwe sokoni au kwenye kioo cha simu. Wewe umeiweka bidhaa sehemu moja na bei sehemu nyingine, ukaacha mama wa watu atembee katikati. Shusha bei iwe chini ya picha ya gunia, kwa maandishi ya kawaida yanayosomeka, siyo ndani ya picha. Slaidi iondoe kabisa. Najua utaumia, maana slaidi ndiyo iliyowafurahisha viongozi siku ya kwanza, lakini haimfanyii kazi mnunuzi hata mmoja. Na picha ya gunia ifanye ibonyezeke, impeleke mtu moja kwa moja kuagiza.

Sasa fikiria maswali ya mnunuzi wa dagaa kwa mpangilio anaokuja nao. Anataka kujua ni dagaa wa chanja au wamekaushwa mchangani. Ni wa kula au wa kulisha kuku? Gunia lina kilo ngapi, maana gunia la huyu si gunia la yule. Bei ya leo. Nauli mpaka kwake, na mzigo unafika lini. Yaandike majibu kwa mpangilio huohuo, mstari mmoja mmoja, chini ya kila picha. Historia ya kikundi ihamie kwenye ukurasa wake. Anayeitaka ataifuata. Jakob Nielsen, mtu aliyetumia miaka mingi kuwatazama watu wakitumia tovuti, aliripoti mwaka 1997 kwamba 79% ya watu aliowapima walikuwa wakipitisha macho tu juu ya ukurasa mpya, na 16% pekee ndio waliosoma neno kwa neno. Jirani yangu alifanya vilevile mbele yangu.

Hapo kwenye "bei ya leo" usipite haraka, maana nadhani nusu ya zile simu zinatokea hapo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa vizuri, mavuno yanashuka, bei inapanda. Mnunuzi wa dagaa analijua hili kuliko mimi na wewe. Kwa hiyo hata aliyebahatika kuiona bei yako nyekundu, ameiona haina tarehe, akajua haiwezi kuwa ya leo, akapiga simu. Na amefanya la busara. Andika hivi: "Bei ya Jumanne", kisha tarehe, kisha kiasi. Mtengenezee katibu wa kikundi ukurasa mdogo wa siri anaoufungua kwa simu yake, wenye kisanduku kimoja kwa kila aina ya dagaa, aandike bei ya asubuhi na kubonyeza "Hifadhi". Tarehe ijiandike yenyewe. Na bei ikipitisha siku tatu bila kuguswa, programu iifiche na badala yake iandike "Piga simu upate bei ya leo". Bei iliyopitwa na wakati ni mbaya kuliko kukosa bei, kwa sababu mteja atakuja na ile ya mtandaoni na mtagombana.

Uzito wa ukurasa. Zile picha za ziwa ni nzuri kweli, machweo yale na mawe ya Bismarck, lakini kila moja ina megabaiti kadhaa, na anayelipia ni mteja kwa bando lake. Nielsen huyohuyo aliwahi kueleza mipaka ambayo wabunifu wengi bado wanaitumia: ukurasa ukijibu ndani ya sekunde 1, fikra za mtu hazikatiki, ukifika sekunde 10, ameshaanza kufanya jambo lingine. Yako kwenye mtandao wa 3G inazunguka muda mrefu kuliko hapo. Bakiza picha moja ya ziwa, picha zote zitakazobaki kwenye tovuti zipunguze ziwe chini ya kilobaiti 100 kwa muundo wa WebP, andika upana na urefu wake kwenye msimbo ili ukurasa usirukeruke wakati wa kufunguka, na zile za chini zipe loading="lazy" zisifunguke mpaka mtu azifikie. Ijaribu pia kwa kivinjari cha Opera Mini. Watu wengi wa bando dogo wanaitumia, na ikiwa imebana kurasa kwa kiwango cha juu, sehemu kubwa ya msimbo wa JavaScript haifanyi kazi kama unavyotarajia, kwa hiyo menyu yako inaweza isifunguke kabisa. Kwa kurasa nne ulizonazo, menyu ya kujificha huihitaji. Andika majina manne yaonekane.

Maandishi yako ya kijivu, #999999 juu ya nyeupe, yana utofauti wa mwangaza wa 2.85 kwa 1. Kiwango cha kimataifa cha WCAG, cha kufanya tovuti zitumike na watu wote, kinataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Hata kijivu kilichokolea zaidi cha #767676 kinavuka kizingiti hicho kwa shida. Simama pale Mwaloni saa sita mchana, jua limewaka juu ya maji, ufungue simu yako uone kama utasoma lolote. Tumia maandishi meusi. Vitufe navyo viongeze ukubwa: Google inashauri dp 48 kwa 48 kwenye Android (dp ni kipimo cha skrini), sawa na milimita 9 hivi, kwa sababu kinachobonyeza ni kidole gumba, tena pengine cha mtu aliyeshika mzigo mkono wa pili.

Tuje kwenye fomu, maana hapa ndipo kikundi kinapopoteza fedha. Nimehesabu visanduku kumi na vitatu. Jina la kwanza, la kati, la ukoo, barua pepe, nenosiri, na nenosiri tena, mkoa, wilaya, kata, postikodi, namba ya simu, idadi, maoni. Mtu anataka dagaa, wewe unamwomba afungue akaunti. Barua pepe ya muuza duka wa Kahama utaifanyia nini? Utampigia simu. Basi omba simu. Nenosiri la nini, kama kesho atakuwa amelisahau? Wilaya na kata za nini, kama mzigo unashuka stendi na yeye mwenyewe anaufuata? Kwa kila kisanduku waulize viongozi: jibu hili nani analitumia, na kwa kazi gani? Kikikosa mwenyewe, kifute. Ukimaliza zoezi hilo utabaki na vinne: jina, namba ya simu, magunia mangapi, yaende mji gani.

Vile vinne navyo vitunze. Jina la kisanduku likae juu yake, siyo ndani. Ukiliandika ndani kwa kijivu linatoweka mtu akianza kuandika, na akikatizwa na simu akarudi, hajui alikuwa anajaza nini. Kisanduku cha simu kipe type="tel", na cha idadi inputmode="numeric", ili kibodi ya namba ijitokeze yenyewe. Kuhusu namba, kuna atakayeanza na 07 au 06, kuna atakayeanza na +255, kuna atakayeacha nafasi katikati. Zote zipokee. Kuondoa nafasi na kupanga namba ni kazi ya programu yako, mistari miwili mitatu tu ya msimbo, na si kazi ya mtu mwenye haraka aliyeko gengeni.

Nilijaza fomu yako nikakosea namba makusudi. Ukurasa ukajifungua upya, visanduku vyote vitupu, na juu pameandikwa "Taarifa si sahihi". Taarifa ipi? Mdogo wangu, hapa mtu yeyote anaondoka, hata mimi. Alichokwisha kuandika kibakie. Ujumbe ukae kando ya kisanduku chenye kasoro na useme kilichotokea na cha kufanya: "Namba hii ina tarakimu 9. Namba ya simu huwa na 10, ikianza na 0." Kitufe cha mwisho kiandike kwa Kiswahili na kiseme kitakachotokea, "Tuma oda", badala ya lile neno la Kiingereza uliloliacha kama lilivyokuja na programu. Baada ya kubonyeza, mtu aone mara moja: "Tumepokea oda yako ya magunia 2 kwenda Kahama. Tutakupigia leo kabla ya saa 12 jioni." Sasa hivi fomu yako ikitumwa inarudi ukurasa wa mwanzo kimyakimya, na mtu anabaki akijiuliza kama imekwenda. Wengine wataituma tena, na kikundi kitapokea oda mbili.

Nimekuta pia umeandika kwamba mizigo inapelekwa stendi ya Nyegezi "11:00". Wewe ulimaanisha saa tano asubuhi. Mteja wa Dodoma anasoma saa kumi na moja, na hajui ni alfajiri au jioni. Andika "saa 5 asubuhi", kama tunavyosema.

Kuna jambo vijana wengi wa kazi hii hamlipi uzito, nalo ni hofu ya kutapeliwa. Mtu wa mbali anatakiwa atume fedha kwa watu asiowaona, na kila wiki anasikia habari za matapeli. Tovuti nzuri inajibu hofu hiyo kabla hajaisema. Weka picha za magunia mlizopiga wenyewe pale Mwaloni, siyo picha za kuokota mtandaoni. Andika kizimba kilipo kwa namna ambayo mtu akifika Kirumba anaweza kuuliza na kuonyeshwa. Na hili la lipa namba lishike sana: mteja akiingiza namba ya malipo, simu humwonyesha jina kabla hajathibitisha. Likija jina la mtu binafsi asilolijua, wakati tovuti imesema kikundi, anaghairi hapohapo. Andika kwenye ukurasa: "Ukiingiza namba hii litatokea jina hili." Kama jina lililosajiliwa ni la mweka hazina, sema ni mweka hazina. Bora zaidi, kikundi kisajili lipa namba kwa jina lake.

Kwa sababu hiyohiyo usijaribu kuziua simu zote. Simu ya kuuliza bei inaonyesha tovuti imeshindwa kazi yake. Simu ya kupatana bei, au ya mtu anayetaka kusikia sauti ya muuzaji kabla ya kutuma laki kadhaa, hiyo ni biashara yenyewe, na kwetu ndivyo tunavyonunua. Irahisishe. Namba ikae juu na chini ya kila ukurasa, iwe kiungo cha tel: kinachopiga kikibonyezwa, na kando yake kiungo cha WhatsApp cha wa.me kilichofuatiwa na 255 na namba bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha. Unaweza hata kuweka ujumbe tayari ndani yake: "Habari, naulizia dagaa wa chanja." Wengi watapita njia hiyo na fomu hawataigusa. Sawa tu. Oda ni oda.

Haya yote nimeyaona mimi na jirani yangu mmoja. Usiyachukue kama hukumu. Nenda ukawatazame wateja wenyewe. Huhitaji wengi: kwa hesabu alizofanya Nielsen pamoja na mtafiti mwenzake Thomas Landauer, watu watano wa aina moja wanatosha kufichua karibu 85% ya kasoro za ukurasa, na ni afadhali kuwapima watano, ukarekebisha, ukawapima watano wengine, kuliko kuwapima kumi na tano kwa mkupuo. Lakini zingatia "wa aina moja". Muuza duka wa Shinyanga na mfugaji wa kuku wa Buswelu si mteja mmoja. Pata watatu au wanne kwa kila upande.

Namna ya kuwapima ndiyo yenye siri. Usimuulize mtu kama tovuti ni nzuri. Mtu mzima wa kwetu, aliyelelewa vizuri, hatamvunja moyo kijana aliyemsalimia kwa heshima. Atakwambia "nzuri sana mwanangu, Mungu akuzidishie", na utarudi nyumbani na sifa bila taarifa. Mpe kazi badala ya swali: "Mama, unataka magunia mawili yafike Geita Ijumaa. Fanya kama ungekuwa peke yako." Mweleze mapema kwamba inayopimwa ni tovuti, na akikwama amekusaidia. Atumie simu yake mwenyewe, na bando umnunulie wewe, maana hilo ni haki yake. Kisha kaa pembeni usiseme. Kidole chake kikienda pasipo, ukasema "hapana, hapo juu", umeharibu yote, kwa sababu siku akiwa Geita hutakuwepo. Andika tu: alibonyeza wapi, alirudi nyuma wapi, alisimama wapi muda mrefu. Wazungu huwaomba watu waseme kwa sauti wanachowaza. Kwetu mtu mmoja kuongea na simu mbele ya mgeni inamwia ngumu. Waweke wawili, mtu na rafiki yake, simu moja. Watabishana wao kwa wao, "bonyeza hapo", "aa, hiyo siyo", na utasikia kila kitu bila kuuliza.

Mchukue na kiongozi mmoja wa kikundi akae nawe. Akimwona kwa macho yake mteja akiipita slaidi mara tatu mfululizo, hutahitaji kumshawishi kuiondoa.

Na hili fanya leo, kabla hujagusa msimbo. Mwombe anayepokea simu za kikundi awe na daftari. Kila simu inayotoka kwa mtu aliyeiona tovuti, aandike neno moja tu: bei, nauli, aina, kupatana, malipo. Wiki mbili, kisha badilisha yale ya bei na tarehe, kisha wiki mbili nyingine. Linganisha kurasa hizo za daftari mbele ya viongozi. Kama "bei" imepungua na "nauli" imebaki palepale, ujue kinachofuata ni jedwali la nauli kwa kila mji, na likae chini ya bei, kwenye ukurasa uleule.